Mwaka Nilioupa Mvua

Tulimzika Anaeli siku ya Jumamosi, kihambani kwake, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe baada ya kunyang'anywa ukuu wa mfongo, mfereji wetu wa maji. Nilikalishwa mstari wa mbele. Siku hizi kila msiba wananiweka mbele. Mtu akishakuwa na duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Majengo, mjini, na malori mawili barabarani, watu husahau kwamba aliacha shule darasa la nne. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mpole, mvumilivu, mtu wa watu. Juu ya maji hakusema neno. Lakini wakati wa chakula, sahani ya machalari ikiwa mapajani, niliwasikia nyuma yangu wazee wawili kutoka vijiji vya chini, wa aina ile ambayo masikio yamepungua na wanadhani wananong'ona. "Huyu si ndiye yule mwizi wa maji?" "Ndiye. Umeona nyumba lakini? Maji yanalipa, bwana." Wakacheka kidogo, wakaendelea kutafuna nyama ya mfiwa. Miaka hamsini na zaidi imepita na bado jina lile lina meno. Niliweka sahani chini. Anaeli hakuiba hata tone. Jina lile nilimpa mimi, na nililitengeneza kwa kalamu, mezani, nikiwa nimekaa vizuri kabisa.

Habari za ukoo wangu naziacha, hazina kazi hapa. Ijulikane tu kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina nguvu, nina njaa, na nilikuwa nakaa kwa Mwalimu Yoeli nikimfanyia kazi za shamba. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Hapo juu ukungu ulikuwa unaingia hata ndani, unalala mezani kama paka. Chumba cha mbele kilikuwa na kalenda ya kanisa, saa ya ukutani ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na rafu ya madaftari yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, mwaka mmoja kila fungu. Nje, penye nyasi zilizokatwa fupi na kuzungushiwa uzio mbuzi wasifike, kilisimama kipima mvua: kopo la shaba lenye mdomo kama wa faneli, ndani yake chupa, na pembeni bilauri nyembamba yenye mistari ya kupimia. Kila siku saa tatu kamili asubuhi Mwalimu alitoka na kofia yake, akamimina, akainama mpaka jicho likalingana na mstari, akarudi kuandika. Aliyaanza madaftari yale kabla mimi sijazaliwa. Kila mwisho wa mwezi alinakili ukurasa na kuupeleka kwa wakubwa wa hali ya hewa, na hakuna aliyewahi kumwandikia hata asante.

Mimi nilimwona mtu wa ajabu. Siku moja tukila kiburu, maharage na ndizi zimepondwa pamoja, nikamwuliza faida yake nini. Akaweka kijiko chini. "Fanueli, kila mzee wa hapa atakwambia zamani mvua ilikuwa nyingi. Baba yangu alisema hivyo. Babu yangu naye alisema hivyo hivyo. Kama wote wanasema kweli, basi Nuhu alikuwa jirani yetu." Nikacheka, yeye hakucheka. "Mtu hukumbuka mwaka aliolala njaa na mwaka aliooa. Ya katikati yote yanapotea. Daftari halioi wala halilali njaa." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulielewa mpaka uzee huu. Mkewe alizika watoto watatu, na kila mmoja alipokufa majirani walisema ni mkosi wa nyumba ile. Mpaka mtu mmoja zahanati alipoanza kuandika vifo vya watoto, kijiji kwa kijiji, mwaka kwa mwaka, ndipo ikaonekana kwamba mkosi ule ulikuwa wa mlima mzima, na mlima wa jirani, na kwamba ulianza kupungua chanjo zilipofika. "Mke wangu hakuishi kuiona hesabu hiyo," alisema. "Angelala vizuri."

Mwalimu alianza kuumwa mgongo, miguu ikakataa. Ikabidi akae mjini karibu na hospitali, akapangishiwa chumba Majengo kwa Bi Zuhura, mjane mmoja mwenye ulimi. Kabla hajashuka alinipeleka kwenye kopo, akiwa ameshikwa makwapa yote mawili kama mtoto anayejifunza kutembea. "Sikiliza. Ukiandika sifuri, maana yake umekwenda, umeangalia, hakuna kitu. Ukiandika kistari, maana yake hukwenda. Usinichanganyie hivyo viwili. Asiyejua tofauti yake asishike kalamu." Akanipa daftari. Nikalifungua nyuma, nikafungua tena nyuma zaidi. Kistari hakikuwamo hata kimoja. Miaka yote ile, homa, misiba, harusi, siku ya kumzika mkewe, saa tatu ilimkuta penye kopo.

Machi yote nilipima kwa haki. Naomba hilo liandikwe, maana nimebakiwa na machache ya kujivunia kutoka mwaka ule. Saa tatu nipo, chupa kavu, naandika sifuri. Ukungu ulikuja kila siku, mzito, ukashika miti, ukaondoka bila kuacha kitu. Walioishi chini waliliona wingu limekaa juu ya msitu wakadhani kwetu kunamwagika. Mwisho wa mwezi nikashuka Majengo na daftari. Chumba cha Mwalimu kilikuwa kidogo, kinanuka dawa ya kuchua na iliki, maana ukuta wa pili ulikuwa jiko la Bi Zuhura. Alilala chali. Nikamsomea: sifuri, sifuri, mbili, sifuri. Nilipofika katikati akanikatiza. "Hizi umezipima, au umekaa tu?" Nikamwambia nimepima. Akageukia ukutani. "Masika haijawahi kuanza hivyo. Pima, Fanueli. Usinitie aibu." Bi Zuhura akaingia na wali na mchuzi, akamtazama, akanitazama. "Umemwambia nini mgonjwa? Jana alikuwa anacheka." Nilikula wali ule kwa hasira. Nimesema kweli nimeitwa mvivu. Hicho ndicho nilichojiambia, na nilijiambia mara nyingi sana, kwa sababu nilikuwa natafuta ruhusa.

Ruhusa ya nini? Ya ndizi. Aprili nilipata njia ya kushuka na mikungu kwa lori la alfajiri mpaka Mabogini, kwa walima mpunga, nikarudi na mchele. Lori liliondoka kabla jua halijachomoza na mimi nilirudi jioni, siku nyingine kesho yake. Hapo ndipo nilipojifunza biashara. Kila kitu nilicho nacho leo, duka, malori, nyumba yenye vigae, kilianza asubuhi zile ambazo ilinipasa niwe nimesimama penye kopo. Siku ya kwanza niliporudi nilikaa mbele ya daftari na kalamu. Kistari ni kitu kidogo, urefu wa ukucha. Mkono ulikataa. Niwe mimi, mtoto wa darasa la nne, wa kwanza kuchafua kitabu cha mtu yule? Nikasema kesho nitajua la kufanya. Kesho yake nilikuwa Mabogini tena. Wiki ikaisha. Ndipo nikapanda kiti, nikashusha fungu la miaka minne nyuma, nikatafuta Aprili yake, Aprili nzuri, iliyoshiba, nikanakili. Kila namba niliisogeza siku mbili mbele ili isikutwe mahali pake. Niliona nina akili sana. Mei nilifanya vilevile, na kwa Mei nilikuwa na mwandiko mzuri zaidi.

Mwalimu alifurahi, na hili ndilo linaloniuma kwa namna ya peke yake. Nilipomsomea Aprili alijiinua kwa viwiko, akanirudisha nyuma, "Hiyo siku ya kumi soma tena," nikasoma tena, milimita arobaini na moja, akafumba macho kama mtu anayesikia kwaya. Bi Zuhura alisimama mlangoni akiukagua mkungu niliomletea. "Mvua hizo zinanyesha wapi, baharini? Mbona ndizi zako zimekonda kama vidole vya mganga?" Mwalimu akamjibu bila kufumbua macho. "Zuhura, wewe mtu wa mjini. Ndizi unaijua ikishafika kwenye sufuria." "Haya, mfalme wa mvua. Mimi nasema nilichoshika mkononi." Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mwanamke yule hakuwahi kupanda mlimani, na alikuwa amebakiza kidogo tu kunishika.

Sasa nije kwa Anaeli. Yeye alikuwa mkuu wa mfongo, mfereji ule wa zamani unaotoa maji korongoni msituni na kuyashusha mpaka mashamba ya chini. Babu zake ndio waliouchimba, na ukuu wake ulikuwa wa ukoo. Alipanga zamu: leo huyu, kesho yule. Mei ile maji yalifika chini kama mate. Watu wa chini wakasema Anaeli anawauzia wenye shamba kubwa la kahawa ng'ambo ya korongo. Ukaitwa mkutano juu, penye banio la mfereji, bwana shamba akaja kutoka mjini na viatu vyake vya ngozi. Anaeli hakusema mengi. "Maji hayapo. Msitu umekauka, mvua haikunyesha. Nendeni mkaone." Mtu mmoja wa chini akaruka. "Haikunyesha? Wingu limekaa hapo miezi miwili, tunaliona kila siku!" Ndipo bwana shamba akauliza kama kuna mtu anayepima mvua huku juu. Wote wakageuka. Nikatumwa kitabu.

Asubuhi ya siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, nilikuwa nimepima. Sijui kwa nini. Labda nilijua. Saa tatu nilikwenda penye kopo na nikakuta buibui amefuma utando mdomoni mwake, mzima, haujatobolewa hata na tone moja. Nilipangusa ule utando kwa kidole, nikaingia ndani, nikaandika kumi na nne. Sasa nilisimama mbele ya watu mia na zaidi, nikafungua kitabu, nikasoma. Wengi walikuwa hawajui kusoma na waliniheshimu kwa sauti yangu tu. Nilisoma Aprili yote, na Mei mpaka asubuhi ile, siku kwa siku. Nilipomaliza, Anaeli alinijia karibu. Hakukasirika. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Kijana, umepima?" Nilisema, "Nimepima, mzee." Akanitazama, akatikisa kichwa mara moja kama aliyepokea mzigo, akarudi mahali pake akakaa kwenye nyasi. Bwana shamba akasema, basi, mvua ilikuwapo, maji yamekwenda wapi? Wakamvua ukuu pale pale. Wakamtoza ng'ombe dume na mapipa ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuwapoza watu wa chini. Mbege ile ilinywewa kwa siku mbili. Na mimi nilikunywa.

Mwalimu alifia Majengo mwezi uliofuata. Bi Zuhura alinisimulia kwamba siku za mwisho alikuwa anamwomba asome ukurasa wa Aprili, na yeye, ambaye hakuuamini, alimsomea. "Nifanye nini? Mtu anakufa, unamnyima mvua?" Kopo na madaftari vilichukuliwa na shule, watoto wakaendelea kupima, na wanapima hadi leo. Mimi nikashuka mjini nikafanya maisha. Anaeli alikuwa anakuja dukani kwangu kununua misumari. Nilimpunguzia bei kila mara. Alilipa bei kamili kila mara. Nilijiambia mzee huyu ana kiburi.

Wiki moja baada ya mazishi alikuja kwangu msichana wa chuo, anaitwa Neema, mfuko mgongoni, kompyuta mkononi. "Shikamoo babu. Wewe ndiye Fanueli wa kwenye daftari?" Alikuwa ameingiza vitabu vyote vya Mwalimu kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa, kazi ya mwaka mzima. Akanionyesha mstari unaopanda na kushuka kama mgongo wa mlima. Kumbe wapimaji kama Mwalimu wako maelfu, katika nchi ambazo sitaziona, na namba zao zinakusanywa pamoja ili ijulikane dunia inakauka wapi, inafurika wapi, tangu lini, na kwa kasi gani. "Barafu huku juu inaondoka, babu, na kila mtu ana maneno yake. Hizi ndizo zinazotuambia ukweli. Watu wanazisoma mpaka ng'ambo." Nikavimba kichwa. Jina langu ng'ambo! Kisha akaweka kidole mahali pamoja. "Ila huu mwaka ni noma. Vituo vyote vya mlima vinaonyesha ukame mkali. Hapa peke yake, masika ya nguvu. Nimeandika sura nzima: nadhani msitu wa juu yenu ulivuta mvua ukakilinda kijiji. Ikithibitika ni jambo kubwa, watu watapanda miti kwa ajili ya mwaka huu." Nikamwuliza chai anakunywa na sukari au hapana. Hayo ndiyo niliyosema. Mtu mzima, mwenye wajukuu, nikauliza habari za sukari.

Sikulala vizuri siku zile. Mwisho nikakata isale, jani ambalo kwetu mtu akilipeleka kuomba msamaha halikataliwi, nikampelekea Bibi Ndeshi, mjane wa Anaeli. Alikuwa anachambua maharage jikoni, miguu imenyooshwa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kuchambua. "Alikuwa anakuona," akasema. "Nani?" "Anaeli. Kila alfajiri akipanda kuangalia banio alipishana na wewe unakimbilia lori, mkungu kichwani. Alijua saa tatu ulikuwa hupo." Nikashika mlango. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, siku ile, mbele ya watu. Akatupa kokoto moja nje. "Nilimwuliza hivyo mpaka nikachoka. Alisema, yule kijana nikimwangusha leo hatainuka, hana kwao. Mimi nina ukoo nyuma yangu, nitastahimili. Alidhani utakuja mwenyewe. Alikungoja, Fanueli. Ulifikiri alikuwa anahitaji misumari mingi hivyo?"

Nilimpa isale. Aliipokea kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka, akaiweka juu ya kinu. "Nimepokea, siwezi kukataa. Lakini hili ni jani. Ulisoma mbele ya watu. Kasome tena mbele ya watu."

Nilimpigia Neema nikamwomba aje siku ya kuanua matanga, na aje na kurasa mbili, Aprili na Mei. Nilimweleza kabla, pembeni, kwenye migomba. Aliweka mkono mdomoni. "Babu, umenivurugia sura nzima." "Wewe sura moja, mjukuu wangu. Mimi nimevuruga mwaka." Kisha akasema ataweka makadirio, kompyuta inaweza kukisia kutoka vituo vya jirani. Nikamkatalia. Nimekisia vya kutosha.

Watu walikuwa wengi, wale wazee wawili wa chini nao walikuwapo, karibu na pipa la mbege. Niliwaambia kwa maneno machache kwamba Anaeli hakuuza maji, kwamba maji hayakuwapo, na kwamba kitabu nilichowasomea kilikuwa uongo wangu. Kelele zikaanza. Nikavaa miwani, nikashika karatasi, nikaanza kusoma, na Neema akakaa chini kando yangu akiandika. Aprili, tarehe moja: kistari. Tarehe mbili: kistari. Tarehe tatu: kistari. Kila kimoja kilinitoka kama jino. Nilipofika tarehe kumi, arobaini na moja yangu nzuri, nilisimama kupangusa miwani, na mtu mmoja akapaza sauti, "Inatosha, mzee, tumeelewa!" Bibi Ndeshi alikuwa amekaa mbele, kwenye kile kiti nilichozoea kukalishwa mimi. "Mwacheni amalize," akasema. Nikaendelea, Aprili mpaka mwisho, nikaanza Mei. Wale wazee wawili walikuwa wameweka vibuyu chini.

Mwishoni mwa Mei nikaifikia siku ya mkutano. Nikashusha karatasi. Neema aliinua kichwa. "Kistari, babu?"

"Hapana," nikasema. "Hiyo nilipima. Andika sifuri."